John Walter Gregory, Mchunguzi wa Bonde la Ufa

Katika Jiografia tunafundishwa kila mara juu ya Bonde la Ufa na volkeno zake. Je, mwamjua aliyelipa jina hilo?

John Walter Gregory alizaliwa London tarehe 27 Januari 1864. Alipofika miaka 15 aliacha shule akawa karani katika biashara ya sufu. Hata hivyo hakukata tamaa. Mchana alikuwa karani, jioni mwanafunzi. Mwaka 1887 akaajiriwa katika jumba la makumbusho huko London.

Mwaka 1892 alikuja Afrika Mashariki na msafara mkubwa ulioanzia Lamu. Msafara huo ulivunjika kando ya Mto Tana, mto huu huu tunaouvuka Garissa tukienda Nairobi. Wengine wangefunga virago, lakini yeye alienda Mombasa, na mwaka 1893 akaanza safari yake mwenyewe na wapagazi wapatao 40. Walitembea kwa miguu hadi Naivasha, Baringo na Mlima Kenya, akafika kwenye barafu. Si mchezo!

Aligundua nini? Kwamba bonde hilo halikuchimbwa na mto. Ardhi ilipasuka pande mbili, na sehemu ya katikati ikazama. Alieleza pia kuwa Mlima Kenya ni volkeno ya kale iliyolika sana, na vilele vyake ni mawe yaliyoganda kooni mwake.

Kitabu chake juu ya bonde hilo kilitoka mwaka 1896. Kuanzia 1904 hadi 1929 alikuwa profesa Glasgow, na mwaka 1919 alirudi Kenya kuchunguza tena.

Lakini tusimsifu tukapitiliza. Mwaka 1925 aliandika kitabu akitetea watu wa rangi mbalimbali watengwe. Ajabu ni kuwa bila mabega ya wale wapagazi hata Naivasha asingefika! Mawe aliyapima kwa makini, watu akawahukumu kwa ngozi.

Alikufa maji tarehe 2 Juni 1932, mashua yake ilipopinduka katika Mto Urubamba, Peru. Alikuwa na miaka 68, bado akichunguza volkeno na mitetemeko ya milima ya Andes.

Basi wenzangu, bidii yake tuichukue, ubaguzi wake tuuache. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.