Mama Lancefield na mdudu wa koo

Safari hii nawaletea maisha ya mama mmoja ambaye jina lake sisi wa mikrobiolojia tunalitaja kila wiki bila kujiuliza alikuwa nani. Streptokoki kundi A, kundi B, kundi C: mpangilio huo ni kazi ya Rebecca Lancefield. Nyie wa uhasibu na sheria msigeuze ukurasa, maana habari hii inagusa mioyo ya wadogo zetu nyumbani.

Rebecca Craighill alizaliwa tarehe 5 Januari 1895 Staten Island, New York, baba yake akiwa ofisa wa jeshi. Chuoni Wellesley alianza na lugha, Kiingereza na Kifaransa. Halafu akavutiwa na biolojia aliyokuwa anasoma mwenzake wa chumbani, akahama, akamaliza 1916. Mwaka 1918 alipata shahada ya pili Columbia, akaolewa na Donald Lancefield, mtaalamu wa jenetiki, na akaajiriwa kama fundi wa maabara katika Taasisi ya Rockefeller, chini ya Oswald Avery na Alphonse Dochez.

Kazi ilikuwa streptokoki zilizokuwa zinaua askari kwenye kambi za jeshi. Wengi walidhani hizo bakteria zote ni kitu kimoja. Avery, Dochez na Lancefield walionyesha mwaka 1919 kwamba zina aina tofauti. Fedha za mradi zilipokwisha, naye kibarua kikaisha! Alifundisha kidogo Oregon, kisha akarudi New York, akapata udaktari wa falsafa mwaka 1925 huku akifanya kazi tena Rockefeller.

Mwaka 1928 ndipo alipoeleza protini M. Hii ni kama koti analovaa mdudu ili chembe nyeupe za damu zisimmeze. Kila aina ina koti lake, kwa hiyo kinga uliyoipata kwa aina moja haikulindi dhidi ya nyingine. Mwaka 1933 akayagawa makundi yenyewe kwa kutumia sukari zilizo kwenye ukuta wa seli. Kundi A ndilo la koo na homa ya baridi yabisi, ile inayokuja kuharibu vali za moyo.

Sasa kuna jambo moja lililokuwa linasumbua: baadhi ya streptokoki zilionekana hazina M kabisa. Mwaka 1945 mwenzake wa Rockefeller, Stuart Elliott, alionyesha kwamba kundi A linaweza kutoa kimeng'enya kinachokatakata protini hiyo. Yaani mdudu ana mkasi wa kulichana koti lake mwenyewe! Mkasi huo leo unaitwa SpeB, na unakata hata protini za mgonjwa.

Siku hizi kimeng'enya hicho kinanunuliwa kwenye kichupa. Jeni yake inapachikwa kwenye bakteria wengine wa maabara, E. koli, nao wanakitengeneza kwa wingi, kinasafishwa, kinapelekwa kwa watafiti. Sisi tunakichanganya na protini fulani na kuangalia imekatwa wapi, bila kulazimika kufuga mdudu hatari mwenyewe. Lakini ukiona kipande cha M kimekatwa, kumbuka kwamba kabla ya mama huyu hakuna aliyejua kuna M.

Wakubwa walichelewa kumpa haki yake. Aliingia Rockefeller 1918, uprofesa kamili akaupata 1958. Miaka 40, wandugu! Mwaka 1961 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha wanakinga cha Marekani, na 1970 akachaguliwa kuingia Akademia ya Taifa ya Sayansi. Hakuhama kutafuta mada yenye jina kubwa. Alikaa na mdudu mmoja, akakusanya aina zake kwa maelfu, akaonyesha pia kwamba kingamwili dhidi ya M zinaweza kudumu hadi miaka 30 mwilini. Alifariki tarehe 3 Machi 1981, akiwa na miaka 86.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu aina za M zinazojulikana sasa zimepita 200, na chanjo iliyoidhinishwa bado hakuna. Kwetu, vijana wanaendelea kuharibika moyo kwa ugonjwa ulioanzia kooni. Lakini tiba ya kuzuia ipo, na ni ya zamani. Utafiti uliofanyika kaskazini mwa Uganda na kutangazwa 2021 ulifuatilia watoto na vijana 818 wenye dalili za mwanzo kabisa za moyo. Kati ya waliochomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, hali ilizidi kwa asilimia 0.8 tu, wasiochomwa, asilimia 8.2.

Kwa hiyo mkipiga simu nyumbani mkaambiwa mtoto ana homa na koo linamuuma, msiishie kusema apewe maji ya chumvi asukutue. Waambieni wampeleke zahanati akapimwe, na akiandikiwa dawa, azimalize zote.