Mary Mallon, Mpishi Aliyefungwa Kisiwani

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Leo nataka kuwasimulia wasomaji wangu habari za mwanamke aliyebeba mwilini mwake maradhi ya kuwaua wenziwe, na mwenyewe hana habari.

Jina lake Mary Mallon. Alizaliwa Cookstown, katika kisiwa cha Ireland, mwaka 1869, akavuka bahari kwenda Marekani angali kijana, akashika kazi ya upishi katika majumba ya matajiri wa New York. Sifa ya mkono wake ilivuma. Lakini nyumba nyingi alimopika, hazikupita siku nyingi ila watu walilala kwa homa ya matumbo. Mwaka 1906, huko Oyster Bay, watu 6 kati ya 11 wa nyumba moja waliugua.

Bwana mmoja, George Soper, mjuzi wa mambo ya usafi, aliitwa kuchunguza. Akafuata nyayo nyumba kwa nyumba, akakuta mpishi ni yule yule. Alipomwendea jikoni kumtaka choo na mkojo vikapimwe, Mary alimfukuza kwa uma mkubwa wa nyama. Mimi simlaumu. Nani atakubali kuambiwa ni mgonjwa ilhali ana siha yake? Mwaka 1907 alikamatwa kwa nguvu, na vipimo vikaonyesha vijidudu vya salmonela, vile viletavyo taifodi. Hukaa katika nyongo ya mtu kama huyu bila ya kumdhuru, vikatoka na choo, vikapita vidoleni hata chakulani.

Akatiwa katika kisiwa cha North Brother. Mwaka 1910 aliachiliwa kwa ahadi kwamba hatapika tena. Ufuaji wa nguo haukumpa ujira wa kumtosha, basi akabadili jina na kurudi jikoni. Mwaka 1915, katika hospitali ya wazazi, watu 25 waliugua na 2 wakafa. Akarudishwa kisiwani, akakaa huko hata mauti yake mwaka 1938. Wengine waliobeba vijidudu hivyo waliachwa huru. Yeye, mgeni maskini, alifungwa jumla ya miaka ipatayo 26.

Mary hakuwa na dawa. Madaktari walitaka kumpasua wamtoe nyongo, naye akakataa, kwani kisu cha siku zile kilikuwa hatari. Miaka 10 baada ya kufa kwake ndipo kloramfenikoli ilipoanza kuitiisha homa hii.

Neema hiyo tumeichezea. Mwaka 1972 huko Mexico taifodi isiyosikia dawa hiyo iliwapata maelfu ya watu. Hapa Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1990, ilionekana ile isiyosikia dawa kadhaa. Tangu 2016, katika jimbo la Sindh, Pakistan, iko inayoshinda jamii 5 za dawa. Mwenye kumeza vidonge vya siku mbili akapata nafuu akaacha, huua vijidudu dhaifu na kubakisha vigumu, navyo vikazaana. Hata kuku hutiliwa dawa hizo katika chakula chao, na salmonela ya kuku na mayai ikapata usugu ule ule.

Basi tunaweni mikono kwa sabuni kabla ya kugusa sufuria, tupikeni nyama ikaiva, wala tusinunue vidonge dukani kwa kubahatisha. Dawa aliyoikosa Mary sisi tunayo, na wajukuu zetu wataihitaji.