Bwana Haffkine na Chupa ya Mulkowal

Waldemar Haffkine alizaliwa mwaka 1860 katika mji wa Odessa, uliokuwa siku zile chini ya mfalme wa Urusi. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Alisoma elimu ya viumbe kwa mwalimu mashuhuri Mechnikov. Lakini Myahudi hakuweza kupewa ualimu wa chuo kikuu pasipo kubatizwa, naye hakukubali kuiacha dini ya baba zake ili apate cheo. Sisi tulio Wakristo tusimlaumu, maana ubatizo wa namna hiyo ungalikuwa biashara tu.

Basi akaihama nchi yake, na mwaka 1889 akafika Paris, katika nyumba ya utafiti ya Pasteur. Kazi ya kwanza aliyoipata ilikuwa kutunza vitabu. Lakini kila alipopata nafasi alivichunguza vidudu vya kipindupindu, vile visivyoonekana kwa macho matupu. Tarehe 18 Julai 1892 alijidunga mwenyewe dawa aliyoifanya kwa vidudu hivyo. Akashikwa na homa, akapona. Mwaka uliofuata akavuka bahari mpaka Bara Hindi, ambako ugonjwa ule ulikuwa ukiua watu wengi, na katika muda wa miaka michache akawadunga zaidi ya watu 40,000, wote kwa hiari yao.

Mwaka 1896 tauni iliingia Bombay, mji uitwao sasa Mumbai. Serikali ikamwita. Katika chumba kidogo cha chuo cha uganga aliviotesha vidudu vya tauni ndani ya mchuzi wa nyama, kisha akaviua kwa moto. Tarehe 10 Januari 1897 alijidunga tena yeye kwanza, na baadaye wafungwa wa gereza la Byculla waliojitolea. Dawa ikaenea Bara Hindi yote.

Tarehe 30 Oktoba 1902, katika kijiji cha Mulkowal, nchi ya Punjab, watu 107 walidungwa. Baada ya siku chache 19 kati yao walishikwa na pepopunda, wakafa wote. Wote 19 walikuwa wametiwa dawa ya chupa moja, yenye alama 53N. Waliotiwa ya chupa nyingine hawakudhurika. Baraza la uchunguzi likasema kwamba yamkini uchafu uliingia Bombay, kwa kuwa Haffkine alikuwa ameacha kutia kaboliki, akitegemea moto peke yake. Akaondolewa kazini, akarudi Ulaya akiwa na jina la mtu aliyewaua wenzake kwa uzembe.

Kumbe ushahidi ulikuwa umeandikwa tangu mwanzo. Siku ile kijijini, msaidizi mmoja aliangusha koleo chini alipokuwa akifungua chupa, akalisuza kidogo tu katika kaboliki, akalitumia tena kung'oa kizibo. Nasi tunajua ya kuwa vidudu vya pepopunda hukaa mavumbini. Tena chupa ilipofunguliwa haikuwa na harufu mbaya. Kama vidudu hivyo vingalikaa ndani yake majuma yote tangu Bombay, ingalinuka.

Watu 19 wamekufa, na wenye msiba wana haki ya kuuliza ni nani aliyekosa. Lakini kumtwika mzigo asiyekosa hakukuwapa haki yao. Mwaka 1907 wataalamu 10, pamoja na Ronald Ross aliyegundua ya kuwa mbu huchukua malaria, waliandika katika gazeti la Times wakimtetea. Mwaka huo huo Serikali ikamwita arudi kazini.

Akarudi, lakini si Bombay, maana mahali pake palikuwa na mtu mwingine. Aliwekwa Calcutta, wala hakuruhusiwa kujaribu dawa mpya kwa watu. Mwaka 1925 nyumba aliyoianzisha Bombay ikapewa jina lake, lililo juu yake mpaka leo. Yeye alikuwa amekwisha kuondoka Bara Hindi zamani. Hakuoa. Alikufa Lausanne, nchi ya Uswisi, mwezi wa Oktoba 1930, na mali yake aliziachia shule za dini ya Kiyahudi.