Daniel M'Naghten: Mgonjwa aliyeacha kipimo mahakamani

Daniel M'Naghten alikuwa fundi wa kukereza mbao huko Glasgow, Uskoti. Aliamini wanasiasa wanamwinda usiku na mchana. Alimweleza baba yake, akalalamika hata polisi, lakini hakupata tiba.

Januari 20, 1843, jijini London, alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel. Drummond alifariki siku tano baadaye. Madaktari walithibitisha mahakamani kuwa M'Naghten anaumwa akili. Akaepuka kitanzi, akaishi katika hospitali za wagonjwa wa akili hadi alipofariki mwaka 1865.

Wengi walikasirika, akiwamo Malkia Victoria. Majaji wakatakiwa kuweka kipimo: je, maradhi yalimzuia mshtakiwa kujua anachotenda, au kujua kuwa ni kosa? Kuumwa peke yake hakutoshi.

Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kimetokana na kipimo hicho. Mkazi wa Malangali, Sumbawanga, akishtakiwa kwa mauaji leo, daktari anaweza kumchunguza katika Taasisi ya Isanga, Dodoma, lakini mwamuzi ni mahakama.

Wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru mtu. Hata hivyo, ndugu akianza kudai anawindwa na watu msiowaona, msimcheke. Mwahisheni hospitali.