Owen, jamaa aliyepima pwani yetu kwa pembetatu

Toka Majengo, tembea hadi Tudor, simama ufuoni. Sasa niambie, upana wa hayo maji utaujuaje bila kuvuka? Mimi niliyeacha chuo ningebaki nimekodoa macho tu. William Owen hangekwama.

Alizaliwa Manchester 1774, akawa yatima akiwa na miaka minne, akaingia jeshi la majini la Uingereza 1788. Mwaka 1821 akatumwa kuchora ramani ya pwani ya Afrika.

Kazi yenyewe iko hivi. Chagua sehemu mbili ufuoni, pima umbali kati yake. Ukiwa kila sehemu, lenga mnazi mmoja ng'ambo, upime pembe. Upande mmoja unao, pembe mbili unazo; pande zilizobaki hesabu inakupa. Upande uliopata unajengea pembetatu nyingine, halafu nyingine. Shuleni nilikariri fomula tu, hakuna aliyenionyesha mnazi!

Lakini watu walikufa. Homa iliwamaliza mabaharia wake wengi. Februari 1824 Owen akatia nanga Mombasa, Wamazrui wakimhofia Seyyid Said wa Oman. Akawakubalia ulinzi wa Uingereza bila kungoja ruhusa ya London, akamwacha Luteni Reitz asimamie. Mei, Reitz akafa kwa homa. Ndiyo hiyo Port Reitz makanga anayoiita kila siku.

London ikakataa, na 1826 ulinzi ukaisha. Owen mwenyewe alifia Saint John, Kanada, 1857. Siasa yake hapa ilidumu miaka miwili. Ramani zake ziliongoza meli muda mrefu baadaye.