Profesa Odhiambo na Siri ya Nzige

Nina hakika mnakumbuka mwisho wa mwaka wa 2019, wakati nzige wa jangwani walipoingia Kenya kupitia kaunti yetu ya Mandera. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Tulipiga sufuria na madebe, tukapiga kelele mpaka sauti zikakauka, lakini wapi! Waliruka kidogo tu, wakatua mti wa pili. Malisho ya mbuzi wetu yaliisha huku tunaona. Nikajiuliza, kadudu kama haka kanatoa wapi nguvu ya kuruka hata kilomita 150 kwa siku?

Kumbe kuna Mkenya aliyemchunguza nzige huyo zamani sana. Naye si mwingine bali ni Profesa Thomas Risley Odhiambo.

Odhiambo alizaliwa Mombasa mwaka wa 1931. Alisoma Maseno, halafu Makerere huko Uganda. Mwaka wa 1959 alikwenda Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, akafunzwa na Vincent Wigglesworth, bingwa wa homoni za wadudu.

Nyuma ya ubongo wa nzige kuna vitezi viwili vidogo mno. Odhiambo alivitoa katika nzige wa kiume, kisha akawatazama. Basi nzige hao walirundika mafuta mwilini na wakawa wazembe. Kwa hivyo, homoni ya vitezi hivyo ndiyo inayowachangamsha na kuwafanya watumie mafuta yao.

Wanasayansi wengine waliendelea na kazi ya namna hiyo. Mwaka wa 1976 ulijulikana muundo wa homoni nyingine ya nzige, ambayo ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino. Mnyororo huo una asidi amino 10 peke yake. Nzige akiruka, homoni hii huingia katika damu yake na kuamuru akiba ya mafuta itoke, iwe kama petroli ya mabawa. La ajabu ni kwamba kamba wa baharini naye ana homoni ya ukoo huo huo, lakini kwake yeye hubadilisha rangi ya mwili!

Odhiambo angeweza kubaki Ulaya ale raha. Lakini mwaka wa 1965 alirudi nyumbani, na mwaka wa 1970 akaanzisha ICIPE, kituo cha kimataifa cha kuchunguza wadudu, jijini Nairobi. Makao yake huko Kasarani yanaitwa Duduville. Alikiongoza mpaka mwaka wa 1994. Aliamini kuwa wadudu wa Afrika wachunguzwe Afrika, na Waafrika wenyewe. Pia alikuwa rais wa kwanza wa Akademia ya Sayansi ya Afrika. Aliaga dunia mwezi wa Mei 2003.

Wenzangu, hapa shuleni wengi wetu hulikimbia somo la bayolojia, tukidai sayansi ni ya watu wa mbali. Lakini nzige wakirudi, mbuzi watakaokosa majani ni wetu, si wa watu wa mbali. Sufuria tulizipiga na hazikusaidia kitu. Afadhali mmoja wetu ashike darubini.

Kwaherini, tuonane toleo lijalo.