Lordi Cardigan (1797–1868)

James Brudenell, Lordi wa Cardigan, alizaliwa Uingereza tarehe 16 Oktoba 1797 katika ukoo wa makabaila. Enzi hizo vyeo vingi vya uofisa jeshini vilinunuliwa, hivyo tajiri aliweza kumpita askari mzoefu. Brudenell alipanda vyeo kwa njia hiyo, na mwaka 1836 akakabidhiwa kikosi cha 11 cha wapanda farasi.

Mwaka 1840 kikosi hicho kilimsindikiza Mwanamfalme Albert, mchumba wa Malkia Victoria, kutoka Dover hadi Canterbury. Kikapewa jina la Albert na sare mpya: koti la buluu lenye nakshi na suruali ya rangi ya damu ya mzee. Cardigan alitumia fedha zake nyingi kuwapendezesha askari, lakini aligombana mara kwa mara na maofisa wake.

Katika Vita vya Krimea alilala ndani ya mashua yake ya kifahari, huku askari wakilala kwenye mahema. Tarehe 25 Oktoba 1854, huko Balaclava, aliongoza wapanda farasi wapatao 670 kuikabili mizinga ya Warusi, kwa sababu ya amri isiyoeleweka. Zaidi ya 100 waliuawa. Yeye alirudi salama, akapokewa kwao kama shujaa. Alifariki mwaka 1868 baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi.

Umuhimu wake: Vita hivyo vilifichua udhaifu wa uongozi ulionunuliwa. Mwaka 1871 ununuzi wa vyeo ulifutwa.

Swali: Eleza athari za ununuzi wa vyeo katika jeshi la Uingereza.